Nyongo ilitoka, mawe yakabaki

Naandika hii nikiwa nimetolewa stenti wiki iliyopita, yani kamrija ka plastiki kalikokuwa ndani ya mrija wangu wa nyongo, koo bado linakwaruza kidogo. Kama na we ulitolewa mfuko wa nyongo kwa ile njia ya matundu, alafu baada ya muda tumbo limerudi kusumbua na kila unayemwambia anakujibu "si ulishatolewa?", basi kaa chini usome, maana hilo jibu ndo lilinipotezea miezi mitano na karibu liniue.

Nianze na upasuaji wenyewe, huo sina malalamiko nao. Nilikuwa nimeumwa mwaka mzima chini ya mbavu za kulia, yale maumivu yanayokuja usiku ukishakula mafuta, yanazunguka mgongoni yanapanda begani, unakosa namna ya kulala na namna ya kukaa. Nikapasuliwa matundu manne, moja kitovuni na matatu chini ya mbavu, wanakujaza gesi tumboni ili wapate nafasi ya kuona, kesho yake nikarudi nyumbani natembea mwenyewe. Bega liliniuma siku tatu kuliko hata vidonda, nikadhani nimelalia vibaya, kumbe ile gesi inayobaki inakera kiwambo cha kupumulia na neva yake inapeleka maumivu begani. Ilipita yenyewe. Walinipa na mawe yangu ya nyongo kwenye kichupa, mengi, madogo madogo kama kokoto za kwenye mchanga, nikawa namwonyesha kila anayekuja kunipa pole kama mtu aliyeshinda kombe. Hicho kichupa kitarudi huko mbele.

Nilifanya makosa mawili siku hiyo ya kutoka na wala sikujua kama ni makosa. La kwanza, nilitoka bila ripoti ya upasuaji. Nilikuwa na kikaratasi cha kuruhusiwa tu kimeandikwa nyongo imetolewa, hali nzuri, tarehe ya kutoa nyuzi, basi. Ripoti yenyewe ile inayosema walikuta nini, kama kuna mawe yalidondoka ndani, walibana kijirija cha mfuko kwa klipu za aina gani, kama walipiga picha ya mrija mkuu, ule unaopeleka nyongo kwenye utumbo, au la, hiyo hukaa kwenye faili la hospitali na hupewi mpaka uombe. La pili, sikuangalia majibu yangu ya damu ya kabla ya upasuaji. Mwaka na nusu baadae mume wangu alikuja kuyakuta kwenye bahasha nyumbani, vipimo vya ini vilikuwa vimepanda, sio sana, ila vimepanda. Hiyo inaweza kuwa dalili kwamba kuna jiwe limeshachoropoka kutoka kwenye mfuko likaingia kwenye mrija, na ukiiona unatakiwa uukague huo mrija kabla ya kupasua au wakati wa kupasua. Yawezekana walikagua wakaona pako sawa, sijui, na sababu ya kutokujua ndo hiyo ripoti nisiyokuwa nayo.

Miezi ya kwanza shida yangu haikuwa maumivu, ilikuwa choo. Hapa naomba niseme wazi maana aibu ndo iliyonichelewesha. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha darasa la tatu, na ilifika mahali sipangi somo kabla ya kujua choo kiko umbali gani. Nikila tu, dakika ishirini, natoka mbio. Kinyesi cha maji, cha njano, kinachoma. Nikaanza kushinda njaa mpaka saa za kutoka kazini, nikapungua mpaka nguo zikawa zinanivuka, watu wananisifia nimependeza, nacheka nao. Nilinyamaza hivyo kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nane! Siku nilipojikaza nikamwambia dokta alinielewa kabla sijamaliza sentensi. Ini linatengeneza nyongo karibu nusu lita mpaka lita nzima kwa siku, na mfuko ulikuwa unaitunza na kuikoleza mpaka ule. Mfuko ukitolewa inakuwa inachuruzika tu moja kwa moja kwenye utumbo, na kwa baadhi yetu ile inayofika utumbo mpana inauchokoza unaachia maji. Nikapewa unga wa kolestiramini wa kukoroga kwenye maji, unaishika nyongo huko huko ndani. Ladha yake kama kunywa mchanga ila ndani ya wiki nilikuwa mtu tena. Angalizo moja, huo unga unashika na dawa nyingine, kwa hiyo kama una vidonge vyako vya kila siku vimeze saa moja kabla yake au masaa manne mpaka sita baada yake. Mimi vidonge vyangu vya presha nilikuwa navibugia pamoja nao wiki tatu nzima nikishangaa mbona presha inapanda.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mwezi wa kumi na nne tangu upasuaji, usiku, nikaamshwa na maumivu kwenye chembe ya moyo. Niliyatambua hapo hapo. Ni kama kusikia sauti ya mtu uliyemzika inakuita mlangoni. Yale yale, kubana, kupanda mgongoni, jasho, kichefuchefu, yakakaa kama dakika hamsini alafu yakaachia ghafla nikalala. Asubuhi nikajiambia haiwezekani, mfuko haupo, mawe yatoke wapi. Na mimi mwenyewe ndo nilikuwa wa kwanza kulisema hilo jibu, niwe mkweli, kabla ya dokta yeyote.

Yakarudi baada ya wiki mbili, alafu baada ya siku kumi. Nikaenda kituo cha karibu, nikaeleza, dokta akaniuliza kama nimewahi kupasuliwa, nikasema nyongo, akasema basi hivi ni vidonda vya tumbo. Nikapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ya mwezi. Maumivu yakapoa wiki mbili kwa hiari yake nikaamini dawa inafanya kazi, yakarudi, nikaongezewa dozi. Nikapelekwa endoskopi ya tumbo, ile ya kuingiza kamera mdomoni, wakaona wekundu kidogo, nani hana wekundu kidogo. Nikapigwa ultrasaundi, majibu yakaandikwa mfuko wa nyongo haupo, ini kawaida, mrija mkuu umepanuka kiasi, milimita 9, hali inayotarajiwa kwa aliyetolewa nyongo. Na ni kweli mrija huwa unaweza kupanuka kidogo ukishatolewa mfuko, kwa hiyo hakuna aliyedanganya hapo. Ila ultrasaundi ya juu ya tumbo mara nyingi haioni sehemu ya chini kabisa ya mrija, pale unapoingia kwenye utumbo, kwa sababu hewa ya utumbo inakaa mbele yake. Na mawe hupenda kukwama pale pale. Yani niliangaliwa kila mahali isipokuwa kwenye tatizo, na kila kipimo nililipia, vingine mara mbili kwa sababu kituo cha pili hakikukubali picha za kituo cha kwanza. Akiba tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya paa iliishia humo.

Kitu ambacho kingenisaidia kipindi hicho ni rahisi mno, ndo maana kinaniuma. Damu. Jiwe likikwama kwenye mrija vipimo vya ini vinapanda, likisogea au likipita vinashuka tena ndani ya siku chache. Mi nilikuwa nachukuliwa damu siku ya miadi, wiki mbili baada ya maumivu, nimekaa vizuri nacheka, majibu safi. Ukipata shambulio usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo au kesho yake, waambie wapime bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo) na vimeng'enya vya ini, alafu tunza karatasi. Na andika mashambulio yako, tarehe, saa, yalidumu muda gani, ulikuwa umekula nini, mkojo ulikuwa rangi gani. Nilianza kuandika nyuma ya kitabu cha mahudhurio nikiwa nimeshachelewa, lakini ile orodha fupi ndo kitu cha kwanza ambacho dokta wa baadae alikisoma bila kunikatiza.

Mwezi wa kumi na tisa nikaanza kujikuna. Hakuna upele, hakuna kitu, viganja na nyayo, usiku ndo inazidi, nikabadilisha sabuni, nikafua mashuka, nikamlaumu hata paka. Mkojo ukawa mweusi kama maji ya kutu nikasema sinywi maji ya kutosha. Choo kikawa cheupe, rangi ya udongo wa mfinyanzi, hapo nilishtuka ila nikapanga nitaenda Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Alhamisi niko darasani, nimeinama kusahihisha daftari, mtoto mmoja akaniangalia akasema "mwalimu, macho yako ya njano." Darasa zima likacheka. Nikaenda chooni kwenye kioo, kweli, njano. Nikarudi nikamaliza kipindi, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Jioni homa ikapanda na kutetemeka, sio baridi ya kawaida, meno yanagongana kitanda kinatikisika. Mume wangu hakuniuliza kama nataka kwenda, alinibeba.

Nisikilizeni hapa. Maumivu ya juu ya tumbo, homa ya kutetemeka na macho ya njano, hivyo vitatu vikikutana mara nyingi maana yake mrija umeziba na nyongo iliyosimama humo imeshapata wadudu. Hiyo sio ya kusubiri asubuhi, wala sio ya kunywa dawa ya homa ulale, wadudu wanaweza kuingia kwenye damu ukaanza kuchanganyikiwa na presha kudondoka. Mimi nilipofika presha ilikuwa 85 kwa 50, na mume wangu anasema nilikuwa namwita kwa jina la kaka yangu.

Nikawekwa dripu, antibayotiki za mshipa, damu ikapelekwa maabara kuoteshwa waone kama ina wadudu. Na hapo kwa mara ya kwanza nikakutana na dokta, mama mmoja mtu mzima, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mawe uliyotolewa yalikuwa makubwa au madogo?" Nikakumbuka kichupa. Mdogo wangu akatumwa nyumbani akapiga picha akatuma kwenye simu. Dokta akaangalia akasema haya ndo yanayopenda kusafiri, jiwe kubwa hukaa mfukoni likabaki huko, haya madogo yanapita kwenye shingo ya mfuko yanateremka. Akasema pia kwamba kwa kawaida ya madaktari, mawe yakionekana ndani ya miaka miwili tangu upasuaji huwa yanahesabiwa kuwa yalibaki, yakija baada ya hapo ndo husemwa yamejitengeneza upya kwenye mrija wenyewe. Yangu yalikuwa na miezi kumi na tisa. Kwa hiyo nilikuwa natembea nayo muda wote ule nikisifiwa nimependeza.

Ikatakiwa picha ya MRCP, hiyo ni MRI inayoangalia mirija ya nyongo, hakuna kupasua na kwa kawaida hakuna sindano ya rangi. Mtu wa mashine akauliza, ndani una chuma? Nikasema nadhani kuna klipu. Za aina gani? Sijui. Klipu nyingi za upasuaji huu ni za titani na hazina shida na MRI, ila yeye hawezi kubahatisha na mimi sina karatasi. Wakaanza kuwapigia walionipasua, mara faili limehamishwa, mara mhusika kaenda chakula, nikakaa nje ya kile chumba nusu siku na homa yangu kwa ajili ya karatasi moja ambayo ningeiomba siku ya kutoka ningepewa bure. Kwa hiyo omba ripoti, ipige picha, itume kwa mtu wako wa karibu, hata kama ulipasuliwa miaka kumi iliyopita nenda kaiulizie.

Picha ikaonyesha mawe mawili chini kabisa ya mrija. Kesho yake nikafanyiwa ERCP. Wanakulaza kifudifudi, wanakupa dawa ya usingizi, mpira wenye kamera unapita mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mdogo pale mrija unapofungukia, wanakata kidogo ule mlango, wanaingiza kipira kama puto wanakivuta na mawe yanatoka nacho. Mi nilichokumbuka ni ladha ya plastiki mdomoni alafu nesi ananiambia amka tumemaliza. Jiwe moja lilitoka zima, la pili lilivunjika, hawakuwa na uhakika kama vipande vyote vimetoka na mrija ulikuwa umevimba, wakaniwekea stenti ya plastiki ili nyongo ipite.

Fomu nilisaini bila kusoma, nani anasoma akiwa wa njano. Ilikuwa imeandikwa kwamba kongosho linaweza kuvimba baada ya kipimo hicho, na kwamba ndo tatizo linalotokea zaidi kuliko mengine. Nilikuwa nimewekewa na kidonge cha njia ya haja kubwa cha kupunguza hiyo hatari, na bado likaja. Kama masaa manne baada ya kuamka, maumivu mapya kabisa, yanachoma kutoka chembe ya moyo kupenya mpaka mgongoni, nikiinama mbele yanapungua. Nilifikiri ni uchungu wa kawaida wa kufanyiwa kitu, nikamung'unya shuka nisisumbue manesi, masaa mawili. Usifanye ujinga huo. Damu ilipopimwa kimeng'enya cha kongosho kiko juu mara kadhaa. Siku mbili bila kula, maji ya dripu usiku na mchana, siku ya tatu uji, ya sita nyumbani. Langu lilikuwa jepesi, wengine huwa hawatoki hivyo.

Wodini ndo nikaelewa kwamba sio mimi peke yangu. Kitanda cha pembeni kulikuwa na mama aliyetolewa nyongo kwa matundu zamani, ana jipu karibu na ini kwa sababu mawe yalidondoka tumboni mfuko ulipopasuka wakati wa upasuaji, yakakaa kimya miaka alafu yakaleta usaha. Mwingine mrija wake ulikuwa unasinyaa taratibu penye kovu, anapanuliwa mara kwa mara. Nilisoma baadae kwamba mtu wa kwanza kutoa nyongo kwa matundu alikuwa daktari wa Ujerumani, Erich Mühe, mwaka 1985, na wenzake mwanzoni walimpuuza. Tangu hapo ni muda mrefu. Haya matatizo ya baadae yanajulikana, yana majina, yana dawa, sio mkosi wala sio kurogwa kama shangazi yangu alivyoanza kusema. Wengi waliotolewa hawapati chochote katika haya, dada yangu mwenyewe alitolewa miaka sita iliyopita hakumbuki hata makovu yako wapi. Ila ukiwa kwenye wachache, ni juu yako kusema "kutolewa nyongo haimaanishi mrija umetolewa, naomba uangaliwe," na kuirudia mpaka mtu asikie. Nilijifunza kulisema hilo kwa sauti nikiwa tayari kitandani.

Kwenye stenti niongeze kitu maana hapa wengi wanasahaulika. Ile ya plastiki haikai milele, nyongo inaganda ndani inaziba, ukiiacha unarudi pale pale kwenye homa na macho ya njano. Kwa kawaida inatolewa au kubadilishwa ndani ya miezi mitatu. Mimi niliambiwa nitapigiwa simu ya tarehe. Hakuna aliyepiga. Wiki ya tisa mume wangu akauliza, hivi kile kitu chako kinatoka lini? Nikapiga mwenyewe, jina langu halikuwepo kwenye orodha kabisa, wakatafuta wakatafuta, wakaniingiza. Ndo hiyo ya wiki iliyopita. Walipiga picha ya mrija wakakuta mweupe, hakuna kipande, stenti ikatoka, nikaonyeshwa, kamrija kadogo kachafu kama penseli iliyotafunwa.

Choo bado kinanisumbua nikila mafuta mengi, unga naendelea nao. Kuwasha kuliisha siku tatu baada ya mrija kufunguka, nilikaa nikaangalia viganja vyangu kama mgeni. Kichupa bado kiko kabatini, mume wangu anataka kitupwe.

Kilichobaki ni kitovu. Pale lilipopita tundu kubwa kuna kivimbe kinatokeza nikikohoa au nikibeba maboksi ya daftari, kinarudi ndani nikilala. Ni ngiri ya kwenye kovu, dokta aliigundua kwa bahati akinikagua tumbo, na mimi nilikuwa nayo tangu kama mwezi wa kumi nikiita kitambi. Haiumi. Wameniambia ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu na kuuma, nakimbia siku hiyo hiyo. Miadi na mpasuaji ni Jumanne, na bahasha iko tayari mezani, ina ripoti ya upasuaji wa kwanza niliyoifuata mwenyewe masjala nikasimama dirishani mpaka ikatolewa kopi, ina ya ERCP zote mbili, na majibu ya damu nimeyapanga kwa tarehe.